Kukiri si Kuumba

Katika lugha yetu neno "kutambua" lina adabu yake. Mtu hutambua sauti ya rafiki gizani, hutambua mbuzi wake katika kundi la jirani, hutambua kosa lake baada ya hasira kupoa. Katika kila mfano huo kitu kinachotambuliwa kilikuwapo kwanza, na mtambuzi alikuja nyuma. Hakuna asemaye kwamba mbuzi alizaliwa siku ile mwenyewe alipomtambua. Lakini liko jambo moja kubwa duniani ambalo ndani yake neno hili limepinduliwa, hata ikawa kana kwamba mtambuzi ni mzazi na mtambuliwa ni mtoto. Jambo hilo ni namna dola kubwa inavyoyatambua mataifa madogo iliyoyakuta katika nchi ambayo sasa inaiita yake.

Swali ninalotaka kulipima ni hili: Kabila likikanushwa na dola, je, hukoma kuwa kabila? Na likikubaliwa tena, je, huzaliwa upya? Mfano wangu nitautoa kwa Wapaiute wa magharibi ya Marekani, kwa sababu kwao swali hili halikuwa zoezi la darasani. Katika muda wa miaka 26, sehemu moja ya watu hao ilitungiwa sheria ya kusema kwamba haipo, kisha ikatungiwa sheria ya kusema kwamba ipo. Wazee waliokuwa vijana katika sheria ya kwanza waliishi kuiona ya pili. Walikuwa watu wale wale, na milima ilikuwa ile ile. Basi ni kitu gani kilichoondoka, na ni kitu gani kilichorudi?

Wapaiute ni wenyeji wa nchi kavu iliyo baina ya Milima ya Rocky na safu ya Sierra Nevada. Wamegawanyika katika matawi mawili yenye lugha za ukoo mmoja. Wa Kaskazini, ambao hujiita Numu, wako Nevada, Oregon na California. Wa Kusini, ambao hujiita Nuwuvi, wako Utah, Arizona, Nevada na sehemu ya California. Majina yote mawili maana yake ni "watu". Waliishi kwa makundi madogo kando ya chemchemi na mito. Wa Kusini walilima mahindi kando ya mito ya Santa Clara na Virgin, wakaokota kokwa za misonobari milimani na kuwinda sungura nyikani. Kila kundi lilijua maji yake, wazee wake, na mahali ambapo nchi yake ilikoma na ya jirani ikaanza. Hawakuwa na mfalme wala mji mkuu.

Jambo hili la mwisho liliwagharimu sana. Anayetafuta mamlaka kwa kuangalia kiti cha enzi tu, hupita mbele ya baraza la wazee akadhani ameona watu wamepumzika. Dola ilizoea kutambua bendera, majeshi na mikataba iliyotiwa muhuri. Mkataba ambao baadhi ya makundi ya Kusini walitia alama zao mwaka 1865 haukuidhinishwa kamwe na Seneti. Kwa hiyo watu hawa waliingia katika zama za sheria iliyoandikwa wakiwa na haki isiyoandikwa, na msafara wa namna hiyo ni wa hatari.

Sheria ya Marekani yenyewe ilianza kuusema uhusiano wake na wenyeji kwa maneno yenye pande mbili. Mwaka 1831, katika kesi ya Wacherokee na jimbo la Georgia, Jaji Mkuu John Marshall aliyaita makabila hayo mataifa ya ndani yenye kutegemea, akaifananisha hali yao mbele ya Serikali Kuu na hali ya mlelewa mbele ya mlezi wake. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Worcester, Mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba makabila yalikuwa tangu zamani jumuiya zenye kujitawala, na kwamba sheria za jimbo la Georgia hazikuwa na nguvu ndani ya nchi ya Wacherokee. Tangu hapo utaifa na utegemezi vimetembea pamoja kama ng'ombe wawili chini ya nira moja. Katika utaifa hutoka enzi ya kabila, yaani haki ya kujitungia sheria, kuamua nani ni mtu wake, na kusuluhisha mashauri yake. Katika utegemezi hutoka amana: dola iliyotwaa sehemu kubwa ya nchi ilijifunga kuitunza ile iliyosalia, na kuwasaidia wenyewe kwa elimu na matibabu. Huo haukuwa ukarimu. Ulikuwa malipo ya kitu kilichokwisha kuchukuliwa.

Neno amana silitumii kwa pambo. Katika desturi zetu aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuitumia kana kwamba ni mali yake, wala hawezi kuamka asubuhi moja akasema, "Nimechoka kuwa mwaminifu." Amana huisha kwa kurudishwa kwa mwenyewe, haiishi kwa uchovu wa aliyeishika.

Walakini ndivyo ilivyotokea. Tarehe 1 Agosti 1953 Kongresi ilipitisha azimio nambari 108, lililotangaza nia ya kuyatoa makabila chini ya usimamizi wa Serikali Kuu upesi iwezekanavyo. Mtetezi mkubwa wa siasa hiyo katika Seneti alikuwa Arthur Watkins wa Utah. Wapaiute wa Utah hawakuwamo katika makabila yaliyotajwa na azimio lile. Lakini walikuwa watu wa jimbo lake, nao walikuwa wachache, maskini, na wenye elimu ndogo ya shule. Tarehe 1 Septemba 1954 sheria yao ilitiwa saini, na mwaka 1957 ikatimia. Makundi manne, yaani Shivwits, Kanosh, Koosharem na Indian Peaks, ambayo watu wake wote walizidi mia mbili kwa kidogo tu, hayakuwa tena makabila mbele ya Serikali Kuu. Kundi la tano, la Cedar, halikuandikwa hata ndani ya sheria hiyo. Lakini kwa kuwa halikuwa na ardhi iliyotengwa kwa jina lake, na kwa kuwa ndugu zake wote wanne wamefutwa, nalo likatendewa kama lililofutwa. Naomba msomaji alikumbuke kundi hili, maana nitarudi kwake.

Yaliyofuata yanaelezeka kwa maneno machache. Ardhi iliyokuwa haitozwi kodi ikaanza kutozwa. Usimamizi wa sehemu kubwa ya mali ukatiwa mikononi mwa benki moja iliyokuwa Salt Lake City, mbali na wenye mali. Ardhi ya Indian Peaks ikauzwa. Kundi la Shivwits lilifaulu kuishika nchi yake, lakini kwa jumla makundi hayo yalipoteza kiasi cha ekari 15,000. Msaada wa matibabu ukakatika. Kabila lenyewe, katika kusimulia historia yake, husema kwamba karibu nusu ya watu wake walifariki kati ya 1954 na 1980, na kwamba sababu kubwa ilikuwa kukosa huduma za afya.

Sasa tuwape wenye sheria ile nafasi ya kusema, maana hoja isiyosikilizwa haijashindwa. Watkins hakusema kwamba anawadhulumu Wapaiute. Alisema kwamba anawaweka huru, na mwaka 1957 alilinganisha siasa hiyo na tangazo la kuwakomboa watumwa la wakati wa Lincoln. Hoja yake ilikuwa na mizizi. Kwa nini baadhi ya raia wawe chini ya mlezi, na wengine wawe watu wazima? Kwa nini idara ya serikali imsimamie mtu katika kukodisha shamba lake mwenyewe? Ulezi ule ulikuwa na fedheha nyingi, na wapo wenyeji waliouchukia kwa haki. Ikiwa usawa ni chema, na hapana shaka ni chema, mbona sheria moja isiwafae wote?

Najibu kwamba hoja hii ilifunga katika mzigo mmoja vitu viwili visivyofanana, kisha ikautupa mzigo wote. Kitu kimoja ni usimamizi, na cha pili ni ahadi. Mlelewa aliyekua, akichoka kuamrishwa na mlezi, hudai akabidhiwe mali yake na kuachiwa nyumba yake. Hadai aambiwe kwamba hana mali, wala nyumba, wala wazazi. Wapaiute walinyang'anywa ahadi kwa jina la kuondolewa usimamizi. Tena usawa wenyewe ulikuwa na kilema. Wenyeji wote wa Marekani walitangazwa raia mwaka 1924, lakini sheria ya Utah iliwazuia wale waliokaa katika ardhi zilizotengwa wasipige kura katika jimbo hilo, hata mwaka 1957 ilipofutwa. Mwaka ule ule mlango wa kura ulifunguliwa na mlango wa kabila ukafungwa.

Wahenga wetu walisema, mkataa kwao ni mtumwa. Walimkusudia mtu anayeikana asili yake kwa hiari. Wangesema nini juu ya mtu ambaye asili yake imekanwa na mwingine, tena kwa sheria, kisha akaambiwa kwamba huo ndio uhuru wake? Kumwondolea mtu minyororo ni kumkomboa. Kumwondolea ukoo ni kumrudisha mahali ambapo biashara ya watumwa ilimweka kila mateka wake: peke yake, bila wa kumdai. Mfano wa Watkins ulimgeukia mwenyewe.

Hapa ndipo penye ugumu wa swali letu, wala sitaki kuuruka. Ikiwa kabila ni kabila kabla ya kutambuliwa, na likabaki kabila baada ya kukanushwa, basi kufutwa kule kungepasa kuwa maneno matupu. Karatasi ingesema, "Hampo," nao wangecheka, wakaendelea kuwapo. Lakini watu walikufa. Ekari 15,000 hazikurudi kwa kicheko. Je, hii si hoja ya kutosha kwamba neno la dola huumba na kufisha?

Nilikaa na hoja hii siku nyingi, na mwisho nikaona kwamba inachanganya kuwa na kuishi. Mtoto akinyimwa chakula na aliyepasiwa kumlisha, atadhoofu na pengine atakufa. Kwa hiyo aliyemnyima ana nguvu juu ya maisha yake. Lakini hatusemi kwamba mnyimaji ndiye aliyempa yule mtoto kuwa mtoto. Kinyume chake, kunyimwa kule ni dhuluma kwa sababu mtoto alikuwa na haki kabla ya kunyimwa. Lau utaifa wa Wapaiute ungekuwa kipawa cha Kongresi, kuuondoa mwaka 1954 kungekuwa kusimamisha hisani tu, nayo hisani haina mashitaka. Kwa kuwa sote twaona kwamba palikuwa na dhuluma, twakiri, hata bila ya kukusudia, kwamba palikuwa na haki iliyotangulia. Ukubwa wa madhara hauonyeshi kwamba dola iliumba. Waonyesha kwamba ilikuwa inadaiwa.

Sheria ya Marekani imelikubali jambo hili kwa upande mmoja na kulikataa kwa upande wa pili. Mwaka 1978, katika kesi ya Wheeler, Mahakama ya Juu ilisema kwamba uwezo wa Wanavajo kuwaadhibu watu wao haukutoka kwa Kongresi, bali ni sehemu ya enzi yao ya asili ambayo haijaondolewa. Lakini tangu kesi ya Lone Wolf ya mwaka 1903 ilikwisha kusemwa kwamba Kongresi ina uwezo hata wa kuivunja mikataba yake na makabila. Kwa hiyo mafuta ya taa ni ya kabila, lakini Kongresi imejipa ruhusa ya kuipuliza taa. Nguvu ya kuzima ipo, hakuna aikataaye. Nguvu hiyo isidhaniwe kuwa ndiyo chemchemi ya mafuta.

Turudi Utah. Baada ya miaka michache siasa ya kufuta makabila ilianza kuonekana aibu. Wamenominee wa Wisconsin, ambao nao walifutwa kwa sheria ya 1954, walirudishiwa hadhi yao mwaka 1973. Wapaiute walidai vivyo hivyo, na tarehe 3 Aprili 1980 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuurudisha uhusiano wa amana baina ya Serikali Kuu na makundi yao. Mwaka 1984 walipewa ardhi isiyofika ekari 5,000 na mfuko wa fedha, badala ya ile iliyopotea.

Ndani ya sheria ya 1980 limo neno dogo ambalo kwangu lina thamani kuliko hotuba nyingi. Kwa makundi manne sheria ilisema kwamba uhusiano "unarudishwa". Ilipofika kwa kundi la Cedar, lile ambalo halikutajwa mwaka 1954, ilisema kwamba uhusiano huo "unarudishwa au kuthibitishwa". Watunga sheria walitahayari. Hawakujua kama wanakirudisha kitu kilichoondoka, au wanathibitisha kitu ambacho hakikuondoka kamwe. Kundi lilitendewa kwa miaka zaidi ya 20 kama lililokufa, na ilipotafutwa hati ya kifo chake, haikuonekana. Katika "au" ile Kongresi ilikaribia sana kusema kweli yote. Kweli hiyo, kwa maoni yangu, ni kwamba neno la pili lingeyafaa makundi yote matano. Hati ya Shivwits au Kanosh ilikuwapo, lakini hati ya kifo haimuui mtu aliye hai; humletea taabu kubwa tu, kila aendapo kudai chakula chake.

Atatokea mtu mwenye busara aseme: "Vema, lakini dola haiwezi kumwamini kila ajaye na jina. Palipo na ardhi, matibabu na misamaha ya kodi, waongo hawakosekani. Lazima pawepo kipimo." Nakubaliana naye. Kuanzia mwaka 1978 Serikali Kuu iliweka taratibu zenye masharti saba, ambazo baadaye zilirekebishwa. Waombaji wapaswa kuonyesha kwamba wametajwa tangu zamani kuwa jamii ya wenyeji. Kwamba wanaishi kama jamii moja iliyo mbali na nyingine. Kwamba wana uongozi wenye nguvu juu ya watu wao. Kwamba wana kanuni za utawala. Kwamba wametokana na kabila la zamani. Kwamba watu wao si wa kabila jingine. Na kwamba Kongresi haikuwakataza. Taratibu hizo kwa Kiingereza hutumia neno lenye maana ya kukiri. Neno hilo ni sawa kabisa, kwa maana mtu hukiri deni, na deni halianzi siku ya kukiriwa. Lakini liangalie shauri lenyewe lilivyopangwa: mdaiwa ndiye mwenye daftari, ndiye hakimu, na ndiye aliyerarua kurasa nyingi za daftari kabla ya shauri kuanza.

Ushahidi wa maneno haya ni Wapaiute wa San Juan. Hawa huishi karibu na Tuba City huko Arizona na upande wa Mlima Navajo, wakizungukwa na nchi ya Wanavajo. Mwaka 1907 Serikali iliwatengea Wapaiute kipande cha ardhi kusini ya mto San Juan, kikaitwa Ukanda wa Wapaiute. Mwaka 1922 kikarudishwa katika ardhi ya umma, kana kwamba hakikuwa na wenyewe. Mwaka 1933 kikaongezwa katika ardhi ya Wanavajo. Baadaye watu hawa walipotaka kukiriwa, iliwapasa wathibitishe kwamba hawakutawanyika, wala hawakumezwa na jirani, wala hawakuacha kuongozwa na wazee wao, na yote hayo mbele ya dola iliyowapa makao, ikayatwaa, ikampa jirani. Walithibitisha. Kukiriwa kwao kulianza kuwa na nguvu mwaka 1990.

Wakati wote wa kutokiriwa, wanawake wa San Juan walikuwa wakisuka vikapu, na miongoni mwa vikapu hivyo vimo vile ambavyo Wanavajo huvitumia katika arusi zao. Jirani alikijua kikapu, akamjua msukaji, akajua kwamba msukaji si Mnavajo. Serikali peke yake ndiyo iliyokuwa haijui. Hii yatufundisha kwamba kuna kutambuana kwa aina mbili: kule kwa majirani, ambako hutokana na kuishi pamoja, na kule kwa afisi, ambako hutokana na karatasi. Cha pili chapaswa kumfuata cha kwanza, kama kivuli kinavyomfuata mtu. Tena jirani si malaika. Makabila hayo mawili yalipelekana mahakamani juu ya ardhi ile. Lakini mwaka 2000 yalitia saini mkataba baina yao, ambao kwa huo Wanavajo walikubali kuwapa Wapaiute wa San Juan kama ekari 5,400 za kuwa nchi yao. Mataifa mawili ya wenyeji yaliketi, yakasema, "Wewe upo, nami nipo." Hata hivyo mkataba huo ulihitaji idhini ya Kongresi, na idhini ilichelewa kwa zaidi ya miaka 20. Waliokwisha kutambuana wakabaki kumngoja wa tatu.

Nisije nikaeleweka kwamba kukiriwa kunatosha. Wapaiute wa Ziwa Pyramid, huko Nevada, hawakufutwa kamwe. Ardhi yao ilitengwa mwaka 1859, na amri ya Rais Grant ikaithibitisha mwaka 1874. Jina lao la asili latokana na samaki aitwaye cui-ui, ambaye makao yake ni ziwa lile. Lakini mwaka 1905 Serikali ile ile iliyowakiri ilijenga bwawa la Derby juu ya mto Truckee, ikayapeleka maji mengi kwa mashamba ya wakulima wageni. Ziwa likashuka zaidi ya futi 70, ziwa jirani la Winnemucca likakauka kabisa, na cui-ui akawa karibu kutoweka. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1983, kabila lilieleza kwamba katika shauri la maji lililoamuliwa mwaka 1944 Serikali iliwawakilisha wao na mradi wa mashamba kwa pamoja. Mahakama ikajibu kwamba hukumu ile yawafunga, na kwamba Serikali yenye kazi nyingi haiwezi kupimwa kwa kipimo kikali cha mdhamini wa kawaida. Mwaka 1990 tu ndipo Kongresi ilipopitisha sheria ya kupatanisha mambo ya maji hayo.

Basi tunazo dhuluma mbili, si moja. Wa Utah waliambiwa, "Hatukudaiwi, maana ninyi si kitu." Wa Ziwa Pyramid waliambiwa, "Twakiri kwamba mwatudai," huku maji yakipita upande wa pili. Ya kwanza ni uongo wa mdomo, ya pili ni uongo wa mkono. Anayedhani kwamba karatasi ya kukiriwa ndiyo mwisho wa safari, na aende ukingoni mwa ziwa lile akatazame miamba iliyokuwa chini ya maji.

Na upo wajibu wa upande wa pili pia, nao nisipoutaja nitakuwa sijatimiza haki. Kabila lenye enzi huamua nani ni wake. Kwa hiyo nalo limeshika kalamu ile ile iliyowaumiza wengine. Linaweza kumkana mwana wake, au kupinga kukiriwa kwa jirani aliye dhaifu, kwa hofu ya kugawana kidogo kilichopo. Enzi haimwondolei mwenye enzi swali la haki. Humtwika yeye mwenyewe kulijibu. Mtu aliyeonja kukanwa ana sababu kubwa kuliko wote ya kuchelea kukana.

Kila mwaka, mwezi wa Juni, Wapaiute wa Utah hukusanyika Cedar City kuadhimisha kurudishwa kwao. Huko nyuma nilidhani kwamba sherehe hii yaivunja hoja yangu: mbona washangilie karatasi, ikiwa karatasi haikuwaumba? Sasa naiona kwa namna nyingine. Mtu akikana deni lako kwa miaka 26, ukazika jamaa zako kwa kukosa kile alichokuwa nacho, kisha siku moja asimame mbele ya watu aseme, "Kweli, ulinidai," utafurahi, nawe utakuwa na haki ya kufurahi. Hushangilii kuzaliwa kwako, kwa maana ulikuwapo siku zote ukigonga mlango. Washangilia kwamba mwenye nyumba amekoma kusema kwamba hakuna anayegonga. Baada ya hapo husalia kazi iliyo kubwa kuliko sherehe, nayo wahenga waliitaja kwa maneno manne: dawa ya deni kulipa.